Acha Mgagani Uchanue: Vidokezo 12 vya Kuwalisha Nyuki Mvua Zinapoanza

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, wadudu wanaochavusha mimea hutoka kutafuta chakula, na mashambani hukuta udongo mtupu. Mahindi ndiyo kwanza yanachomoza, boga lina majani mawili, na kunde bado hazijaanza kutambaa. Palipobaki pori kuna miti iliyotangulia kuchanua. Lakini kwenye vijiji na mitaa ambako miti imekatwa, nyuki na vipepeo hukaa na njaa wiki nzima nzima, tena katika kipindi kile kile ambacho sisi tunapanda mazao yatakayowahitaji.

Tunao mmea wa asili unaoweza kuziba pengo hilo, na wengi wetu tunaujua tangu utotoni: mgagani. Wakisii wanauita chinsaga, Waluo dek, Waganda ejjobyo, na kule Rwanda na Burundi ni isogi. Ni mmea wa msimu mmoja, unaota wenyewe kando ya njia, kwenye majalala na penye mazizi ya zamani, na kutoka kuchipua hadi kutoa ua la kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 tu. Shida ni kwamba tumezoea kuutazama kama mboga peke yake. Ua likichungulia tunalikata ili majani yaendelee kutoka.

Ombi letu ni dogo: sehemu ya mgagani wako iache ichanue, na uipange ichanue mapema. Hivi ndivyo unavyoweza kufanya.

1. Hakikisha ni mgagani wenyewe

Tazama jani. Kwa kawaida lina vijani vitano, mara nyingine vitatu au saba, vinavyotokea mahali pamoja kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Shina lina vinyweleo vinavyonata, na ukilishika, harufu yake kali hubaki mkononi. Kuna mgagani wa shina la kijani na wa shina la zambarau, na yote miwili inafaa. Ukipata mahali pazuri hufika urefu wa mita 1 hadi 1.5.

Ua lake ni rahisi kulitambua: petali nne nyeupe au za waridi hafifu, na stameni sita ndefu za zambarau zinazochomoza mbali kupita petali zenyewe. Maua hupangana kwenye kichala kirefu juu ya shina.

Ukinunua mbegu kwenye duka la maua, uwe makini kidogo. Mgagani una ndugu yake kutoka Amerika ya Kusini anayeoteshwa kwa urembo, mwenye vichwa vikubwa vya maua ya waridi na miiba kwenye shina. Anapendeza, lakini si wa huku kwetu. Mgagani wetu hauna miiba.

2. Tafuta mbegu iliyokwisha pumzika

Mbegu ya mgagani ni ndogo sana, milimita 1 hadi 1.5 tu, ya kijivu au nyeusi, na ukiisugua kati ya vidole unahisi mikwaruzo. Ikitoka shambani leo huwa imelala, na ukiipanda wiki hiyo hiyo utasubiri bure. Inahitaji kukaa pakavu kwa miezi kama 6 ndipo iamke vizuri. Kwa hiyo tafuta mbegu ya msimu uliopita.

Pa kuanzia ni kwa bibi yako, au kwa mama anayeuza mboga za kienyeji sokoni. Wengi wao hutunza mbegu zao wenyewe. Mbegu zilizochaguliwa na wataalamu nazo zipo; World Vegetable Center, ambayo ina kituo chake Arusha, imeifanyia kazi mboga hii kwa miaka mingi. Ila kumbuka jambo moja: aina nyingi zilizoboreshwa huchaguliwa kwa sababu zinachelewa kuchanua, ili mkulima achume majani kwa muda mrefu. Hilo ni jema kwa sufuria. Kwa nyuki wa mwanzo wa msimu, aina ya kienyeji inayowahi kutoa ua ndiyo yenyewe.

Kabla ya kupanda, jaribu kwanza. Tandaza mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevunyevu, kikunje, kiweke mahali penye joto na giza. Kama nusu au zaidi zimechipua baada ya wiki moja, una mbegu nzuri.

3. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ua la boga

Hapa ndipo mpango wote ulipo. Boga na tikiti hutoa maua dume na maua jike mbali mbali. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikikaribia adhuhuri limeshafunga kazi yake yote. Wadudu wasipofika asubuhi hiyo moja, kiboga kidogo hugeuka njano, hunyauka na kuanguka. Wakulima wengi hulaumu mbolea au jua, kumbe waliokosekana ni wadudu.

Boga huanza kuchanua kama wiki 6 hadi 8 baada ya kupandwa. Mgagani ukipandwa siku hiyo hiyo hutangulia, hivyo wadudu watakuwa wameshaizoea njia ya shambani kwako kabla ua la kwanza la boga halijafunguka.

Unaweza hata kuongeza nafasi. Wiki mbili au tatu kabla ya mvua kutarajiwa, panda tuta dogo karibu na nyumba na ulimwagilie kwa maji ya kuoshea mboga. Kwa pwani ya Tanzania na Kenya na sehemu nyingi zenye misimu miwili, hiyo ni mwishoni mwa Februari kwa masika na mwishoni mwa Septemba kwa vuli. Kwa Dodoma, Singida na Tabora, ambako mvua ni ya msimu mmoja, anza Novemba. Kisha panda tuta la pili mvua zikishika, na la tatu wiki mbili baadaye. Matuta matatu yanayopishana hivyo yatakupa maua mfululizo.

4. Upe jua lote ulilonalo

Mgagani uko katika kundi la mimea inayotumia jua kali na joto kwa ustadi mkubwa, pamoja na mahindi, mtama na muwa. Mahali ambapo mboga nyingine zinasinyaa saa saba mchana, wenyewe unaendelea kukua. Chini ya mwembe au nyuma ya ukuta unarefuka, unalegea na kutoa maua machache.

Chagua mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi, na pasipotuama maji. Udongo wa kichanga wenye rutuba ni bora, na hata mfinyanzi unafaa kama maji hupita. Ukiona dimbwi limekaa hapo siku nzima baada ya mvua, inua tuta au hamia pengine.

Huna shamba? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha mimea miwili au mitatu. Weka ndoo hizo mbili tatu juu ya paa la zege, barazani au kwenye ngazi za nyuma. Nyuki wa mjini wana njaa kama wale wa kijijini.

5. Rutubisha kwa samadi iliyooza

Haikuwa bahati mbaya kwamba mgagani hustawi penye mazizi yaliyohamwa. Mmea huu unapenda samadi. Debe moja la samadi iliyooza vizuri, iliyochanganywa na udongo wa juu kwenye tuta la mita 5 za mraba, ni mwanzo mzuri. Samadi mbichi iache, kwani huunguza miche na kuleta magugu.

Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi huuvuta mmea kwenye majani. Kama utatumia kabisa, tumia kwenye sehemu utakayochuma mboga. Kwenye sehemu utakayowaachia nyuki, samadi yatosha.

6. Fukia juujuu, lakini fukia

Watu wengi hurusha mbegu ndogo juu ya udongo na kuziacha hapo. Kwa mchicha mara nyingi hufanikiwa. Kwa mgagani ni hasara, kwa sababu mwanga huzuia mbegu zake kuchipua. Zinataka giza na joto.

Chora mstari kwa kijiti, kina kisichozidi sentimita 1, na uache sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Changanya mbegu na mchanga mkavu au majivu, kiasi cha viganja viwili kwa kijiko kimoja cha chai cha mbegu, ili zisirundikane. Nyunyiza, funika kwa udongo mwembamba, kandamiza kwa kiganja. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo; maji ya ndoo moja kwa moja yatazisomba zote.

Ndani ya wiki moja hivi utaona miche. Ikifika urefu wa kidole, punguza: kwa mboga acha sentimita 15 kati ya mche na mche, kwa maua acha sentimita 30 ili kila mmea utanue matawi. Iliyong'olewa inapikwa siku hiyo hiyo. Usijaribu kuihamishia kwingine, maana mgagani hushuka na mzizi mkuu mrefu na ukiuvunja, mche hubaki umedumaa. Upande palepale utakapokulia.

Wiki mbili tatu za mwanzo palilia kwa mkono. Baada ya hapo utajifunika wenyewe na magugu hayatakuwa na nafasi.

7. Gawa tuta: upande wa sufuria na upande wa nyuki

Hakuna sababu ya kuchagua kati ya mboga na ua. Chomeka vijiti viwili na kamba, ugawe tuta. Robo tatu ni za jikoni, robo moja ni ya wadudu. Waambie wote wa nyumbani ili anayetumwa kuchuma asivuke kamba.

Upande wa jikoni, anza kuchuma mmea ukiwa na urefu wa kama sentimita 15, na kata kila kichwa cha ua kinapochungulia. Mmea utachipuza pembeni na kukupa majani kwa wiki nyingi. Uchungu wake hupungua ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza, kisha ukaunga kwa maziwa au karanga. Magharibi mwa Kenya akina mama huulaza kwenye maziwa usiku kucha, na kesho yake huwa laini na mtamu zaidi. Ni mboga yenye madini ya chuma na kalisi, vitamini C, na ile rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga kama hizi, zilizodharauliwa kama magugu au chakula cha maskini, ni hazina ya lishe. Alikuwa sahihi kabisa.

Upande wa nyuki, usiguse. Kichala huanza kuchanua kutoka chini kwenda juu, kikirefuka kila siku hadi kufika sentimita 30 hivi. Kila ua huishi muda mfupi, lakini kichala kizima huendelea kwa wiki kadhaa. Kiangazi kifupi kikiingia katikati ya mvua, mwagilia: tuta likikauka, mgagani huharakisha kuchanua, kisha huzeeka na kukauka kabla ya wakati.

8. Toka nje saa kumi na mbili jioni

Maua ya mgagani yana saa zake. Mengi hufunguka jua linapokaribia kuzama na hubaki wazi usiku kucha hadi asubuhi. Ukitembelea bustani saa nane mchana peke yake, utadhani hakuna kinachotokea.

Nenda jioni, simama kimya karibu na kichala. Kwenye ncha utaona machipukizi yaliyofunga, na chini yake kidogo petali zikijinyoosha, kila moja ikiwa imeshikwa na kikonyo chembamba chini yake. Stameni zilizokuwa zimejikunja zinafunguka nje, na ncha zake zimejaa chavua. Giza likishika hufika nondo wakubwa wenye mwili mnene. Hawatui. Wanaelea hewani mbele ya ua, mabawa yakitetemeka kwa kasi kiasi cha kutoonekana, na ulimi mrefu umezama ndani kufuata nekta.

Rudi kesho yake saa moja asubuhi. Zamu ni ya nyuki wa asali, na wengi hufuata chavua. Angalia miguu yao ya nyuma uone chavua ilivyokandamizwa ikawa donge. Watakuwepo pia nyuki wadogo wasiodunga, wale ambao asali yao hutafutwa sana kwa dawa, na nzi wenye mistari ya njano wanaofanana na nyuki lakini wana mabawa mawili tu badala ya manne. Mara moja moja atakuja yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, na kichala kizima kitainama kwa uzito wake. Wafundishe watoto kuwatofautisha. Mdudu anayekula hana haja nawe usipomshika.

9. Dawa za kuua wadudu zibaki dukani

Ukialika wageni, huweki sumu mezani. Sehemu iliyochanua usiipulizie dawa yoyote, iwe asubuhi au jioni. Ushauri wa kawaida wa kupulizia jioni nyuki wakishalala hautufai hapa, kwa sababu jioni ndipo maua haya yanapofunguka na nondo wanapofika.

Uwe macho zaidi na dawa zinazofyonzwa na mmea mzima, mfano imidaklopridi. Hizo husafiri na utomvu hadi kwenye nekta na chavua, hivyo nyuki hunywa sumu siku nyingi baada ya wewe kusahau kwamba ulipuliza. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake nje ya majumba ya kioo mwaka 2018, pamoja na dawa mbili za jamii hiyo, kwa sababu ya madhara kwa nyuki. Soma kibandiko kabla ya kununua, na uliza kama mbegu unazopanda karibu na tuta zimepakwa dawa.

Vidukari wakiingia, watokomeze kwa maji ya nguvu au kwa maji yenye sabuni kidogo, upande wa mboga tu. Kunguni wa mimea waokote asubuhi na mapema wakiwa bado wazito kwa baridi. Viwavi wachache wa kijani waache: baadhi ya vipepeo weupe hutaga kwenye mimea ya jamii hii, na bila kiwavi hakuna kipepeo.

Kuna habari njema. Mgagani wenyewe una kinga. Mwaka 1992 watafiti nchini Kenya walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mmea huu hufukuza kupe, na majaribio mengine ya huko huko yalionyesha kwamba ukipandwa kati ya mistari ya mawaridi hupunguza utitiri mwekundu. Ile harufu inayobaki mkononi mwako ina kazi yake.

10. Waachie pa kulala na pa kunywa

Chakula peke yake hakitoshi. Nyuki wengi wa asili hawakai kwenye mizinga. Kila jike huchimba shimo lake ardhini au hutafuta uwazi kwenye bua kavu, huweka humo mkate wa chavua na nekta, hutaga yai moja juu yake na kuziba.

Basi, karibu na tuta acha kipande cha ardhi kisicholimwa, hatua mbili kwa mbili zinatosha, mahali panapopata jua la asubuhi. Usikitandazie nyasi wala kukimwagia saruji. Ukiona matundu ya duara yenye upana wa penseli na vumbi laini lililorundikana pembeni, jua umepata wapangaji. Usipite na jembe hapo hadi msimu uishe.

Kwa wale wa kwenye mabua, funga matete makavu au vipande vya mwanzi, urefu wa kiganja, upande mmoja ukiwa umezibwa. Vitundike chini ya paa mahali pasiponyeshewa.

Maji nayo ni lazima, hasa mvua zikichelewa. Sahani ya udongo, kokoto ndani, na maji yasiyofunika kokoto hizo ili mdudu apate pa kusimama. Yabadilishe kila baada ya siku mbili, mbu wasije wakazaliana.

11. Panga wa kupokea zamu

Mgagani unafungua msimu, haufungi. Baada ya miezi mitatu hivi utakuwa umechoka, umejaa maganda na majani machache ya njano. Ukiwa umewazoesha wadudu kuja, usiwaache njiani.

Panda kunde na maboga pamoja nao. Yataanza kuchanua wakati mgagani umepamba moto. Alizeti zinafuata. Kivumbasi ukipande kwenye mpaka wa bustani, maana hutoa vichala vidogo kwa muda mrefu na nyuki hawakiachi. Mbaazi iliyopandwa mwanzoni mwa mvua za mwaka huchanua mvua zikishaondoka, wakati mashamba mengi yamekauka. Ukiwa na hivi vitano, hakuna mwezi mrefu wa njaa.

12. Vuna mbegu kabla ganda halijapasuka, kisha zigawe

Ganda la mgagani ni jembamba, lina urefu unaoweza kufika sentimita 12, na hupasuka kuanzia chini. Ukichelewa siku moja ya jua kali, mbegu zote ziko ardhini. Likianza kugeuka njano, likate asubuhi likiwa bado na umande, uliweke kwenye mfuko wa karatasi au juu ya kanga iliyotandikwa kivulini. Baada ya siku chache litapasuka lenyewe. Pekecha, peta, chekecha, kisha anika siku moja zaidi.

Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na juu yake andika mwezi wa kuvuna, ili ujue lini miezi 6 imetimia. Chagua mbegu kutoka kwenye mimea iliyowahi kuchanua na kukaa na maua muda mrefu. Ukifanya hivyo kila msimu, utakuwa na mbegu inayolifaa eneo lako kuliko yoyote ya dukani. Maganda machache yaache yadondoke hapo hapo. Baadhi ya mbegu zitaliwa na ndege, nyingine zitaota zenyewe mvua zijazo.

Mbegu za mmea mmoja ulioachwa ukomae ni nyingi kuliko unavyoweza kutumia, kwa hiyo zitoe. Hili si suala la ukarimu tu. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, lakini wale nyuki wadogo wa asili wengi wao hawaendi mbali zaidi ya mita mia chache kutoka kwenye shimo lao. Kwao tuta lako moja, likizungukwa na nyua zilizofagiliwa hadi vumbi, ni kisiwa. Nyumba tano za mtaa mmoja zikiwa na robo ya tuta kila moja, wanaweza kupita kutoka ua hadi ua bila kulala na njaa.

Kwa hiyo msimu ukiisha funga vijiko vya mbegu kwenye vipande vya karatasi. Mpe jirani wa kulia na wa kushoto, mpe mwalimu wa bustani ya shule, mpe anayeuza mboga kituoni. Waambie mambo matatu tu: wazifukie kina kisichozidi sentimita moja, wapande mvua zikikaribia, na robo ya tuta waiache ichanue.